Jalada la Viza: Kutoka Kashikishi, Kupitia London, Hadi Antwerp

Watafiti wa malaria wanaijua Nchelenge kuliko Wazambia wengi wanavyoijua. Kwa zaidi ya miaka kumi wilaya hii ya ufukoni mwa Ziwa Mweru imekuwa mojawapo ya maeneo ya mradi wa kimataifa wa utafiti wa malaria kusini na kati mwa Afrika, unaokutanisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola na kituo cha utafiti cha Macha. Malaria ya hapa haina msimu wa kupumzika. Vyandarua vimegawiwa, kuta zimepuliziwa dawa, na bado mbu aina ya Anopheles funestus anauma. Takwimu za Nchelenge husomwa Baltimore, London na Antwerp. Lakini kijana wa Kashikishi, hapahapa Nchelenge, akitaka kwenda Antwerp kuzieleza mwenyewe, lazima kwanza apate viza.

Nachambua hapa jinsi viza hiyo inavyopatikana, kwa sababu naamini vijana wetu wengi hunyimwa kwa kujibu swali ambalo hawakuulizwa. Sifa wanazo, na karatasi wanazo nyingi mno. Kinachokosekana ni mpangilio.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi aliyekulia Kashikishi anasoma shahada ya uzamili katika London School of Hygiene & Tropical Medicine. Amealikwa kwenye mkutano wa kisayansi wa siku tatu katika Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Taasisi hiyo ina historia na ziwa letu: ilianzishwa mwaka 1906 kuwafundisha matabibu waliokuwa wakipelekwa Kongo, na ukingo wa magharibi wa Mweru ulikuwa sehemu ya Kongo hiyo. Viza yake ya Uingereza haimfikishi Ubelgiji. Anahitaji viza ya Schengen.

Anaomba wapi, na kwa nani

Sheria inayotawala ni Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, namba 810 ya mwaka 2009, iliyorekebishwa mwaka 2019. Inasema mwombaji apeleke maombi katika nchi anamoishi kihalali. Kwa hiyo mwanafunzi huyu hana haja ya kurudi Lusaka: anaishi London, anaombea London. Hilo peke yake linaokoa nauli ya ndege na majuma ya masomo.

Kisha achague nchi sahihi. Viza ya Schengen inafungua nchi nyingi, lakini huombwa kwa ile ambayo ndiyo kiini cha safari, kwa muda atakaokaa au kwa sababu inayompeleka. Siku tatu za mkutano Antwerp na siku mbili za kutembea Paris ni ombi la Ubelgiji. Akiomba kwa Ufaransa kwa kuwa miadi yao ilipatikana upesi, mwaliko wa Antwerp utalipinga ombi lake mwenyewe. Asichanganywe pia na treni. Abiria wa Eurostar wanaotoka stesheni ya St Pancras hukaguliwa na maofisa wa mpakani wa Ufaransa papo hapo London, hata kama wanakwenda Brussels. Ofisa Mfaransa kukagua pasipoti hakuigeuzi safari kuwa ya Ufaransa.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 za kalenda, na huweza kusogezwa hadi 45. Kwa hiyo asihesabu siku 15. Ahesabu 45, kisha aongeze muda wa kusubiri miadi, maana majira ya kuelekea kiangazi London yote inataka kusafiri.

Swali lenyewe

Ofisa anayesoma jalada ana maswali manne: unakwenda kufanya nini, utalala wapi, nani analipa, na je, utatoka Schengen kabla viza haijaisha? Swali la nne ndilo linalowaangusha wengi. Mwombaji akilisikia, mawazo yake hukimbilia nyumbani. Anaweka hati ya kiwanja cha Nchelenge, barua ya mwenyekiti wa mtaa na picha za familia. Hizo zingefaa kama angekuwa anaomba akitokea Lusaka. Huyu anatoka London na anarudi London. Ofisa anataka kujua kama Uingereza bado inamngoja na kama ana haki ya kuingia tena.

Majibu yake yako katika karatasi tatu. Ya kwanza ni barua ya chuo: itaje kozi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na siku anayotarajiwa kurudi darasani au maabara. Barua inayothibitisha tu kwamba ni mwanafunzi ni nusu ya kazi. Ya pili ni mkataba wa chumba anachopanga. Ya tatu ni uthibitisho wa haki ya kuishi Uingereza. Hapa mambo yamebadilika: kadi za plastiki za ukaazi zimeachwa, nyingi zikiisha tarehe 31 Desemba 2024, na hadhi ya mhamiaji sasa iko kwenye akaunti ya kielektroniki. Achapishe ukurasa wa hadhi yake pamoja na namba maalumu ya uthibitisho, ambayo hudumu siku 90. Kama amepata pasipoti mpya tangu aingie Uingereza, aiunganishe na akaunti hiyo kabla ya kusafiri, la sivyo anaweza kukwama siku ya kurudi.

Muda uliobaki kwenye kibali pia husomwa. Konsulati nyingi zinataka ukaazi wa Uingereza uwe na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen. Mwanafunzi wa mwaka mmoja anayealikwa mwishoni mwa masomo yake yuko mahali pabaya kuliko yule anayealikwa katikati, hata wawe na alama zilezile. Anayeweza kuchagua mkutano, achague wa mapema.

Fedha za Kashikishi mbele ya meza ya London

Kama ufadhili wa masomo ndio unaolipa, sehemu hii ni fupi: barua ya mfadhili na taarifa ya benki. Kama mzazi ndiye anayelipa, na mzazi huyo anafanya biashara ya samaki Kashikishi, hapo ndipo jalada la mwana wa ziwani linapotofautiana na la mtoto wa mwajiriwa wa Lusaka.

Mshahara huingia kila mwezi kwa kiasi kilekile. Fedha za chisense haziji hivyo. Dagaa hao hukaushwa juani, hufungwa kwenye magunia na kupakiwa kwenda Copperbelt na mpakani Kasumbalesa. Malipo mengi ni ya taslimu au ya simu. Zaidi ya hayo, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi unafungwa kisheria katika Ziwa Mweru na Mto Luapula ili samaki wazaane. Kwa hiyo akaunti ya mfanyabiashara mwaminifu kabisa huweza kuonyesha kiasi kikubwa Novemba, karibu ukimya kwa miezi mitatu, kisha fedha tena Machi. Ofisa asiyelijua ziwa ataona fedha zilizowekwa ghafla ili kumdanganya.

Kosa la kawaida ni kuongeza fedha. Familia inakopa, inaweka kiasi kikubwa juma moja kabla ya maombi, na shaka inakuwa kubwa zaidi. Dawa yake ni maelezo. Mzazi aandike barua ya ukurasa mmoja, kwa jina lake, akieleza biashara yake, msimu wa kufungwa kwa uvuvi, na kwa nini mapato yake huja kwa mawimbi. Aambatanishe leseni ya biashara, stakabadhi za ushuru wa halmashauri na taarifa ya benki ya miezi sita, pamoja na ya fedha za simu ikiwa ndizo anazotumia zaidi. Kiasi kikubwa chochote kwenye taarifa kipewe sababu. Ofisa akipata maelezo kabla ya kuuliza, hana pengo la kujaza kwa dhana.

Jambo lingine ni majina. Mkoani kwetu Luapula ni kawaida baba na mtoto kutokuwa na jina moja la ukoo, na anayelipa anaweza kuwa baba mdogo au mjomba aliyemlea mtoto tangu darasa la kwanza. Kwetu hilo halihitaji maelezo. Kwenye jalada linahitaji: cheti cha kuzaliwa kikiwapo, au kiapo mbele ya kamishna wa viapo, kinachoeleza uhusiano na malezi. Na jina la mwanafunzi lilingane, herufi kwa herufi, katika kitambulisho cha taifa, cheti cha Baraza la Mitihani na pasipoti. Marekebisho hayo yafanywe Zambia kabla ya kuondoka; kuyafanya ukiwa London ni mzigo mkubwa.

Ada ambayo si lazima ilipwe

Tangu tarehe 11 Juni 2024 ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90. Ni fedha nyingi kwa mwanafunzi. Lakini Kanuni ya Viza, ibara ya 16, inawasamehe ada wanafunzi, wakiwamo wa uzamili, wanaosafiri kwa masomo au mafunzo, na pia watafiti wanaokwenda kufanya utafiti au kushiriki semina au mkutano wa kisayansi. Msamaha hutegemea jinsi safari inavyothibitishwa, kwa hiyo barua ya mwaliko iseme wazi kwamba ni mafunzo au mkutano wa kisayansi, na itaje nani analipa malazi. Mwaliko unaosema tu "karibu Antwerp" unaweza kumgharimu euro 90. Malipo ya huduma ya kampuni inayopokea maombi kwa niaba ya ubalozi ni jambo jingine, hayo hubaki.

Yaliyosalia ni ya utaratibu. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, iwe na kurasa mbili tupu na miezi mitatu ya uhai baada ya safari. Bima ifike euro 30,000 na ifanye kazi Schengen nzima. Alama za vidole zilizochukuliwa kwa viza iliyopita huweza kutumika tena kwa miezi 59. Mwishoni, kabla ya miadi, aweke mwaliko, tiketi, malazi, bima na barua ya chuo mezani pamoja, asome tarehe tu. Bima inayoisha siku moja kabla ya tiketi ya kurudi inatosha kuharibu kazi ya miezi.

Akinyimwa, hupewa fomu yenye sababu iliyowekewa alama na maelezo ya namna ya kukata rufaa. Aisome sababu hiyo na kuijibu. Kurudisha jalada lilelile ni kulipia jibu lilelile.

Ufuko mmoja, hati tatu

Haya yote ni ya mwenye pasipoti ya Zambia. Kijana wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, anabeba pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na raia wa nchi hiyo wamo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya wanaodaiwa viza hata kwa kubadilisha ndege tu uwanjani. Na kijana wa makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 hapahapa Nchelenge, hutegemea hati ya kusafiria ya mkimbizi kwa mujibu wa Mkataba wa 1951. Watatu hao wanaumwa na mbu wale wale, na kila mmoja anahitaji jalada la peke yake.

Na milango haifunguki sawa pande zote: mwaka 2022 Zambia ilitangaza kuwaondolea viza watalii wa Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani. Mwezi Agosti 2025 Marekani ilianza kuwadai Wazambia na Wamalawi wanaoomba viza za biashara na utalii dhamana inayoweza kufika dola 15,000. Serikali yetu ina haki na wajibu wa kudai usawa, na wakati huo huo taasisi zinazochapisha takwimu za Nchelenge zinaweza kuanza leo: zimwalike mtu wa Nchelenge mapema, miezi minne au mitano kabla, kwa barua kamili inayotaja sababu, siku na mlipaji. Nasi tuliopita njia hii tuna deni la kuwapa wanaofuata nakala za barua zilizofanikiwa, zikiwa zimefutwa majina na namba, zikae katika shule zetu za sekondari ambapo mwanafunzi atazisoma bure. Maarifa haya hayapaswi kununuliwa kwa wakala.