Mchepuo, Shanti na Shoti: Uhakiki wa Istilahi ya Kupimia Mkondo

Miongoni mwa istilahi za umeme ambazo hazijatulia katika matini za mafunzo ni ile ya kifaa ambacho jina lake la Kiingereza, likitoholewa, huwa shanti. Kifaa chenyewe ni kipande cha metali chenye ukinzani mdogo sana unaojulikana. Mita nyingi za mkononi, za aina iuzwayo madukani Kariakoo, hupima mkondo usiozidi ampea 10. Fundi atakaye kupima mkondo mkubwa zaidi wa betri ya gari au wa mtambo wa umeme wa jua hana budi kuupitisha katika kipande hicho, kisha apime volti baina ya ncha zake. Kipande cha omu 0.001 kikipitiwa na ampea 20 huonyesha milivolti 20. Kila milivolti ni ampea moja. Fundi aweza kujitengenezea kifaa hiki: waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, wenye urefu wa sentimita 14 hivi, una ukinzani unaokaribia kiasi hicho.

Tuyapime sasa majina yanayoweza kutumika.

Shanti si neno baya kwa kuwa ni la kigeni. Kariakoo yenyewe ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na leo hakuna aonaye kuwa jina hilo si letu. Kasoro ya shanti ni kukaribiana mno na shoti, neno lililokwisha kuenea kwa maana ya njia isiyokusudiwa ambayo mkondo huipita karibu bila kizuizi hata waya ukaungua. Irabu moja na sauti n tu huyatenganisha, na katika kelele za karakana tofauti hiyo haitoshi.

Kipingamizi nalo halifai. Hutaja jamii nzima ya vifaa vya aina hiyo, na humfanya mwanafunzi adhani kuwa kazi ya kifaa ni kuzuia mkondo, ilhali kimechaguliwa makusudi ili kisiuzuie.

Limebaki mchepuo. Yawezekana kupinga kwamba neno hili huashiria kijia cha pembeni, na hapa karibu mkondo wote hupita humo. Hoja hiyo haina nguvu. Barabara ya mchepuo hujengwa ili malori yenye shehena, kama yatokayo Bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, yasipite katikati ya mji. Kinachochepushwa ni mzigo, mji husalimika. Vivyo hivyo mzigo wa ampea huchepushwa, na mita husalimika. Ila mfasiri asiandike mchepuko, neno ambalo mitaani limechukua maana ya hawara. Wala asiongeze adapta, kwa maana wengi wakisikia adapta hufikiria kifaa cha kuchajia. Napendekeza mchepuo wa kupimia.

Hata hivyo, istilahi njema haiokoi sentensi mbovu. Agizo lisemalo “unganisha mchepuo sambamba” ni la hatari, kwa sababu halisemi sambamba na nini. Mwanafunzi akiuweka sambamba na betri ya volti 12, amekwisha kupiga shoti: kwa hesabu tupu, omu 0.001 hudai ampea 12,000. Betri haiwezi kutoa kiasi hicho, lakini itoacho chatosha kuyeyusha waya na kumjeruhi mtu. Ifaavyo ni kuandika: “Unga mchepuo kwa mfululizo na mzigo, kisha unga mita sambamba na mchepuo.” Kadhalika “pima umeme” ni usemi wa kuachwa, mfasiri ataje volti au ampea. Tena aseme wazi kuwa kifaa cha kujitengenezea ni cha betri za volti ndogo, si cha umeme wa nyumbani wa volti 230.

Yafaa pia kutofautisha ncha za mkondo, ambazo ni za nje, na ncha za kipimo, ambazo ni za ndani. Zikiitwa zote “ncha” tu, msomaji ataunga mita mahali palipolehemewa, na ukinzani wa kiungo utaingia katika hesabu. Aidha, ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila digrii ya joto. Ndiyo sababu viwanda hutumia manganini, aloi ya shaba, manganizi na nikeli. Jina hilo latosha kutoholewa, kwa kuwa halina neno la kugongana nalo.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, lina jukumu la kusanifu istilahi. Kwa istilahi za karakana, ni vema kila pendekezo liambatane na sentensi moja ya matumizi, nayo isomwe kwa sauti mbele ya fundi kabla ya kupitishwa.