Mizani Isiyosikika: Juu ya Williams Mix ya John Cage

Sisi tunaofundisha ushairi tumelizoea neno mizani kwa maana mbili: chombo cha muuza sukari dukani, na hesabu ya silabi katika mshororo. Maana hizo haziko mbalimbali sana. Mwenye duka hupima ili mnunuzi aone. Mshairi hupima ili msikilizaji asikie. Mshororo ukipungua silabi moja, hata mzee asiyejua kusoma atakunja uso. Twaanzia hapa kwa sababu kazi tunayoihakiki imepimwa kuliko utenzi wowote tuujuao, na hata hivyo sikio haliambiwi kwamba imepimwa.

Kazi yenyewe ni Williams Mix ya Mmarekani John Cage (1912–1992), iliyotungwa New York mwaka 1952 na kusikizwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1953 katika Chuo Kikuu cha Illinois. Haina mwimbaji wala mpiga ala jukwaani. Louis na Bebe Barron, mume na mke waliokuwa na studio yao, walinasa mamia ya sauti katika utepe, nazo zikagawanywa katika mafungu sita: sauti za mjini, za mashambani, za umeme, za kazi ya mikono, za pumzi na upepo, na zile ndogo mno zisizosikika mpaka zikuzwe. Kila fungu lilipewa herufi, kuanzia A hadi F. Sauti ipi itangulie na idumu muda gani, hayo yaliamuliwa kwa kurusha sarafu na kutafuta majibu katika I Ching, kitabu cha kale cha ramli cha Wachina.

Ajabu hasa imo katika maandishi yake. Hamna mistari mitano wala noti. Mna michoro ya vipande vya utepe kwa ukubwa wake halisi, njia nane moja chini ya nyingine, katika kurasa zaidi ya 190. Utepe ulikwenda inchi 15 kwa sekunde. Basi inchi moja ya karatasi ni sehemu moja ya 15 ya sekunde. Mtengenezaji aliulaza utepe juu ya karatasi na kuukata kwa wembe akiufuata mchoro, kama fundi cherehani akatavyo kitambaa kwa kiolezo. Mkato wa mshazari huiingiza sauti polepole; mkato wa wima huiingiza kwa ghafla. Kazi nzima hudumu dakika nne na robo hivi. Tukipiga hesabu, kila njia yapata meta 97 za utepe, na njia ni nane. Cage, Earle Brown, David Tudor na wasaidizi wengine walikaa miezi mingi wakikata na kuunga.

Kama huu ni muziki au siyo, hatutabishana. Mwaka 1958, katika ukumbi wa Town Hall, New York, wako walioshangilia na wako waliozomea, na makelele yao yamo katika santuri ya siku hiyo. Swali letu ni jingine: kipimo hiki chamfaa nani?

Msikilizaji hakimfai. Katika msongamano wa njia nane, inchi mbili na inchi tatu ni mamoja kwa sikio letu. Kaluta Amri Abedi alipoziandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na Kezilahabi alipoziacha katika Kichomi mwaka 1974, palizuka mabishano makali. Lakini hatukumbuki upande wowote uliokana kwamba mizani ni jambo la sikio.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Chura, mvua na ng'ombe wote waweza kuwa B. Herufi ndogo zilizoongezwa hueleza tu kama kimo, rangi na nguvu ya sauti vyatabirika au vyageuka. Mtunzi ameupima urefu wa mlio hata sehemu ya inchi, asiandike umetoka bwawa gani. Mwanafunzi akituletea beti zenye mizani kamili na vina safi, zisizosema neno, daftari twamrudishia.

Hata hivyo utepe huchakaa, kiolezo hubaki. Mwaka 2012, miaka 100 tangu Cage azaliwe, Tom Erbe aliitengeneza upya kazi hii kwa kompyuta, akiufuata mchoro wa asili. Na kwa kuwa B haimtaji chura fulani, kila atakayeirudia hana budi kutafuta chura wake. Hilo halitufanyi tuiondoe lawama. Lakini mwalimu wa Bujumbura mwenye simu ya kunasia sauti aweza kushuka jioni mpaka mabwawa ya Rusizi, akaijaza B yake kwa inchi zile zile za mwaka 1952. Na mara hiyo, angalau, tutajua chura ni wa wapi.