"Mtu ni Afya": Kwa Nini Maneno Matatu Hayajazeeka

Vibao vingi vya usafi hutuambia tusilopaswa kufanya: "Usitupe taka hapa." Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, lakini sijamsikia mtu akiirudia kwa kupenda. Kampeni ya Tanzania ya mwaka 1973, "Mtu ni Afya", ni tofauti. Zaidi ya miaka 50 baadaye bado inatajwa, na mwaka 2024 jina lake lilirudishwa kwa kampeni mpya. Katika insha hii nachunguza kilichoyadumisha maneno hayo, na funzo lake kwetu Arua na Koboko.

Sababu ya kwanza ni muundo. Hakuna amri wala kikanushi. Kuna nomino mbili na kishirikishi "ni", umbo lile lile la "umoja ni nguvu" na "mtu ni watu". Msikilizaji haoni kwamba anakemewa. Anaona amepewa methali. "Nyumba ni Choo", kampeni ya baadaye ya huko huko Tanzania, ilifuata umbo hilo na kuongeza ucheshi: choo tunachokificha nyuma ya nyumba kikawa ndiyo nyumba yenyewe.

Sababu ya pili iko nje ya lugha. Mwaka 1973 watu wazima takribani milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosifu kaulimbiu peke yake. Maneno yalikumbukwa kwa sababu mikono ilishika jembe.

Mtu anaweza kunipinga kwa mfano wa "Don't Mess with Texas" ya Marekani, ambayo ni katazo na imedumu tangu katikati ya miaka ya 1980. Lakini katazo hilo lina maana mbili, usichafue na usichokoze. Linamsemesha kijana kama mwenye jimbo, si kama mshtakiwa.

Hapo ndipo suala linapotugusa. Kiswahili cha West Nile kina sauti mbili: ya soko, inayowakutanisha Walugbara, Wakakwa na wafanyabiashara wa Kongo na Sudan Kusini, na ya kambi ya jeshi, ambayo wazee wetu waliisikia kama amri. Kibao cha "Marufuku" huamsha sauti ya pili. Uganda ilipiga marufuku kavera mwaka 2009, na bado nazikuta mitaroni Arua na kwenye nyasi za barabara ya Koboko. Sheria ilipata adhabu, haikupata msemo.

Sisi tunaosoma lugha hii tunaweza kuandika msemo huo, kwa sauti ya soko. Ila tusijidanganye: msemo usioandamana na pipa la taka, na mtu wa kulimwaga, utakuwa rangi tu ukutani.