Neno "Kwenda Kenya"

Msomaji, ukijaliwa kufika Lokichar, Lodwar au Kakuma, yamkini utamsikia mtu aliyeshika njia ya Kitale akisema, "Ninakwenda Kenya." Wageni wengi huyacheka maneno hayo. Hudhani kuwa msemaji hajui kwamba Turkana imo katika Kenya. Kicheko hicho hakina haki, nami nitakuonyesha sababu.

Neno hilo lina asili yake. Sehemu ya nchi ya Waturkana ilihesabiwa kuwa ya Uganda mpaka mwaka 1926, ndipo mpaka uliposogezwa. Watu wenyewe hawakusogea hata hatua moja. Tena, serikali ya kikoloni iliifanya Turkana wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuingia bila ruhusa, wala mwenyeji hakutoka bila ruhusa. Jomo Kenyatta alipofungwa mwaka 1953 alipelekwa Lokitaung, kisha Lodwar mwaka 1959, ili awe mbali na watu wake. Baada ya uhuru, waraka wa serikali wa mwaka 1965 ulishauri kwamba fedha za maendeleo zitiwe kwanza katika sehemu zenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha. Ikiwa watawala waliiweka Turkana kando namna hiyo, ni ajabu gani wenyeji wakiitaja Kenya kama nchi ya mbali?

Sasa tazama jinsi sisi wengine tunavyogawa majina. Ukame ukiua mbuzi, tunasema njaa ya Turkana. Lakini mwaka 2012 mafuta yalipopatikana karibu na Lokichar, katika kisima kiitwacho Ngamia 1, tulisema mafuta ya Kenya. Paul Ereng, Mturkana, aliposhinda mbio za mita 800 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, dhahabu ilikuwa ya Kenya. Fahari hiyo ni halali, wala siipingi. Ninachokipinga ni kipimo chenye pande mbili. Ikiwa dhahabu ni yetu sote, njaa nayo ni yetu sote.

Mkenya akienda Ulaya aghalabu huulizwa kama yeye ni mkimbiaji, au kama kwao simba hupita mlangoni. Huchukizwa, na ana haki kuchukizwa, maana ameonwa jina kabla ya kuonwa mtu. Walakini mtu huyohuyo, akikutana na Mturkana Nairobi, humwuliza kama kwao watu wamepata chakula. Hamwulizi juu ya Ziwa Turkana na wavuvi wake, wala juu ya lugha yake, ambayo Wajie wa Uganda na Watoposa wa Sudan Kusini huielewa kwa urahisi.

Nawe uliyezaliwa Lokichar, usilionee haya neno la wazee wako, ukichekwa, lieleze. Ila usilifanye makao yako. Asemaye anakwenda Kenya huwaachia wengine Kenya yote, akabaki kama mgeni aliyepiga hodi. Maji, shule na barabara hudaiwa na mwenye nyumba. Basi utakapoandika insha juu ya nchi yako, anza na mahali uliposimama, uandike: hapa ni Kenya.