Mnara Nambari 13 Haukupaswa Kufutwa

Machi 2024 Taasisi ya Akiolojia ya India (ASI) ilitangaza kuziondoa kumbukumbu 18 kwenye orodha ya urithi unaolindwa na serikali kuu, ukiwemo Mnara wa Kos Nambari 13 wa Mujesar, Faridabad, mmoja wa minara ya Kimughal iliyoonyesha umbali kando ya barabara. Walikosea, na kosa lao ni la kitaalamu kabla halijawa la kisheria.

Tazameni njia waliyopita. Kifungu cha 35 cha sheria ya kumbukumbu za kale ya 1958 ni cha jengo lililokoma kuwa na umuhimu wa kitaifa. Mnara wa Mujesar haukupoteza umuhimu wowote. Haukuonekana tu, baada ya viwanda na makazi ya Faridabad kulimeza eneo lake. Hizo ni hali mbili tofauti, na ASI imeichukua ya pili kana kwamba ni ya kwanza. Hasara yake si ya makaratasi. Jina likitoka kwenye orodha, linatoka na marufuku ya kujenga ndani ya mita 100, pamoja na mita 200 za udhibiti zinazofuata. Kama msingi wa mnara bado umo ardhini, sasa tingatinga linaweza kuung'oa bila mwenye eneo kuomba kibali cha ASI.

Halafu, katika kumbukumbu zote zilizopotea, mnara wa kos ndio rahisi kutafuta. Kaburi likipotea huna pa kuanzia. Mnara wa kos una jirani kila upande kwa umbali wa kos moja, takribani kilomita 3.2, kwenye njia ya Agra hadi Lahore. Pima kutoka kwa jirani wa kaskazini, pima kutoka kwa wa kusini, fuata barabara kuu kwenye ramani za zamani, utabaki na kipande kidogo cha ardhi. Hapo pitisha rada ya ardhini. Tofali zilizojazwa tangu kwenye kitako cha pembe nane, bila chumba ndani, si rahisi kuzichanganya na msingi wa nyumba. Utafutaji wa namna hiyo, na ripoti yake hadharani, ndio ulipaswa kutangulia tangazo.

Alexander Cunningham, mwanzilishi wa taasisi hiyo hiyo, aliisaka miji iliyozikwa akifuata umbali na uelekeo ulioandikwa na Xuanzang, mhujaji Mchina wa karne ya 7. Hapa umbali aliuweka mfalme mwenyewe: Akbar aliagiza minara njia ya Agra na Ajmer mwaka 1575, na Jahangir mwaka 1619 akaamuru alama kila kos hadi Lahore na kisima kila kos tatu. Cunningham angefurahi kupewa kazi nyepesi hivyo.

Tena kutafuta kunalipa. Mwaka 2013 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alisema kumbukumbu 92 hazionekani. Zilipotafutwa, 42 zilipatikana. Lakini taasisi iliyokuwa na walinzi kwenye kumbukumbu 248 tu kati ya 3,693, kama bunge lilivyoelezwa mwaka 2022, itaendelea kupoteza, na hili nitalisema hadi bajeti ibadilike.

Minara mingi iliyobaki Haryana, na ule ulio ndani ya bustani ya wanyama ya Delhi, bado imesimama imara, na walioitunza wanastahili sifa.

Ila wasiiguse kwa saruji. Tofali la Kimughal na chokaa yake huvuta unyevu na kuutoa. Lipu ya saruji huufungia ndani, chumvi ikakusanyika nyuma yake na uso wa tofali ukabanduka. John Marshall, mkurugenzi mkuu wa ASI wakati huo, aliandika kwenye mwongozo wake wa 1923 kwamba wajibu wa kwanza ni kuhifadhi, si kufanya upya, na bado kuna mafundi wanaopewa mnara na mfuko wa saruji.

Mnara wa Shahabad, Kurukshetra, nao ulikuwa kwenye orodha ya mkaguzi. Upimwe kutoka kwa majirani zake kwanza, rada ipite, ripoti itolewe, kabla ofisa yeyote hajafungua tena kifungu cha 35.