Fremu Yenye Mkono wa Fundi

Septemba 2025 Tadej Pogačar alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani jijini Kigali, baada ya zaidi ya kilomita 260 za kupanda na kushuka vilima. Fremu zilizopita siku ile mbele ya Wanyarwanda, karibu zote, zilikuwa za kaboni iliyotoka kwenye kalibu. Kampuni kubwa huchonga kalibu ya chuma kwa kila saizi, na kwa kuwa kalibu ni ghali, saizi huishia sita au saba. Anayenunua huchukua ile inayomkaribia. Kwa watu wengi inatosha, na siwezi kubishana na ushindi wa namna ile. Ila iko njia ya pili ya kutengeneza fremu ya kaboni, njia ya mafundi wachache wenye karakana ndogo, na hiyo ndiyo ninayoipenda.

Mafundi hao huunga bomba kwa bomba. Fundi hukata ncha ya kila bomba kwa mviringo ili ikae kwenye ubavu wa bomba jingine bila kuacha mwanya, huyabana yote kwenye kiunzi, huyagundisha kwa epoksi, kisha huyazungushia maungio vipande vya kaboni vilivyokwisha kulowekwa resini. Kalibu ya fremu nzima haipo. Urefu wa kila bomba na pembe ya kila ungio huamuliwa na mwili wa mtu mmoja anayejulikana kwa jina.

Baadhi ya walioanzisha kazi hii walitoka kwenye boti. Craig Calfee, Mmarekani, alikuwa akitengeneza boti za makasia za mashindano kwa kaboni kabla ya kujiundia baiskeli mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1991 Greg LeMond, ambaye tayari alikuwa ameshinda Tour de France mara tatu, aliingia tena katika mbio hizo akiwa juu ya fremu iliyotoka karakana ya Calfee, akamaliza wa 7. Bob Parlee wa Massachusetts naye alitoka kwenye boti za mbio, akaanza kuuza fremu zake mwaka 2000. Calfee huyohuyo baadaye aligeukia pia mianzi, akaenda kuwafundisha mafundi wa Ghana kuunda fremu za mianzi. Maungio ya mianzi hufungwa kwa nyuzi za mmea na epoksi, kwa mantiki ileile ya kaboni.

Italia ilipita njia yake. Pianiga, karibu na Venice, ukoo wa Sarto uliunda fremu kwa miaka mingi zikauzwa kwa majina ya kampuni nyingine, kabla jina lao wenyewe halijajulikana kwa wanunuzi. Ernesto Colnago wa Cambiago alitoa C40 mwaka 1994, yenye mabomba ya kaboni yaliyochomekwa kwenye viungo vya kaboni na kugundishwa. Mwaka uliofuata Franco Ballerini akashinda nayo Paris–Roubaix, mbio zinazopita kwenye barabara za mawe zinazovunja rimu na mifupa. Waliokuwa wakisema kaboni haitastahimili barabara ile walikosa la kusema.

Walichokijua watu wa boti ni kwamba kaboni haina nguvu pande zote kwa usawa. Chukua kanga uivute kufuata uzi wake: hainyumbuki. Ivute kutoka pembe hadi pembe: inanyumbuka. Uzi wa kaboni, wenye unene wa takriban mikroni 7, una tabia hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi; una nguvu ya ajabu upande uliolazwa na karibu hauna lolote upande mwingine. Nyuzi zinazofuata urefu wa bomba hulizuia lisipinde. Zile za digrii 45 hulizuia lisijisokote unapokanyaga pedali kwa nguvu zote. Kila tabaka ni uamuzi. Mtu wa kilo 58 na mtu wa kilo 95 hawastahili bomba lilelile, hata wakiwa na urefu sawa wa miguu, na fundi mdogo ana uhuru wa kuwapa mabomba tofauti.

Nitakaa kidogo kwenye usukani, maana hapo ndipo watu wafupi wanapoonewa. Kutulia au kuyumba kwa baiskeli hutegemea sana umbali ulio kati ya sehemu mbili ardhini: pale ambapo mstari wa mhimili wa usukani ungegusa ardhi, na pale tairi linapoigusa. Kwa tairi la milimita 28, bomba la usukani la digrii 73 na uma wa mbele uliosogezwa milimita 45, umbali huo ni kama milimita 57, na baiskeli inageuka kwa wepesi bila kushtuka. Sasa mpe baiskeli mtu wa mita 1.55. Kiwanda hulaza bomba la usukani hadi digrii 71 ili kidole cha mguu kisigonge tairi la mbele, lakini mara nyingi huacha uma uleule. Umbali unapita milimita 69. Usukani unakuwa mzito kwenye mwendo wa polepole na unataka kuanguka upande mmoja kila unapopanda mlima. Mama mmoja anaweza kuendesha baiskeli ya aina hiyo miaka kumi akidhani udhaifu ni wake. Fundi anayejua kazi hutafuta uma wenye msogeo mkubwa zaidi, au hubadilisha urefu wa sehemu ya mbele, na tatizo linakwisha. Kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu tosha ya kumwendea.

Kisha kuna ungio lenyewe. Kaboni yenye resini hutunzwa kwenye friza, kama digrii 18 chini ya sifuri, kwa sababu kwenye joto la kawaida resini huanza kukomaa. Fundi huitoa, huiacha ubaridi uishe, huikata kwa mkasi au kisu vipande vyembamba, kisha huvibandika kimoja baada ya kingine pale bomba la chini linapokutana na bomba la usukani: kimoja kinafuata bomba, cha pili kinakata mshazari, cha tatu kinakumbatia kona. Kila kipande hukandamizwa kwa kidole. Kunyanzi moja iliyofichika chini ni udhaifu utakaobaki humo maisha yote ya fremu, kwa kuwa uzi uliopinda haubebi mzigo ipasavyo. Halafu ungio hufungwa, hewa hufyonzwa, fremu huingia kwenye tanuri. Ikitoka, msasa, na hapa mkono mzito huharibu kazi ya wiki nzima, kwa sababu anayetaka uso laini kwa haraka hukata nyuzi zilezile alizozilaza. Rangi itafunika yote. Ndiyo maana picha za fremu iliyokwisha kupakwa rangi hazinishawishi. Naomba nione ungio kabla ya rangi, na fundi mwenye fahari na kazi yake huwa anazo picha hizo tayari.

Kuhusu uzito sitasema mengi. Tangu mwaka 2000 baiskeli ya mashindano hairuhusiwi kushuka chini ya kilo 6.8, na fremu ya fundi huwa takriban kilo moja. Gramu 100 hazistahili kukukosesha usingizi, wala kulipiwa kwa ungio jembamba.

Yako mambo ya kumuuliza fundi. Je, fremu zake, au mtindo wake wa kuunga, umepimwa kwa kiwango cha ISO 4210, ambacho huikanyaga fremu mizunguko 100,000? Sehemu za alumini zimetengwa na kaboni kwa tabaka la nyuzi za kioo? Hili ni muhimu kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Muscat, kwani alumini ikigusana na kaboni kwenye jasho na chumvi ya bahari huliwa. Beringi za mhimili wa pedali zinafungwa kwa hesi au zinagongwa tu? Mimi nachagua hesi, na fundi yeyote wa mtaani atazifungua bila kuumiza fremu.

Lakini sikiliza zaidi maswali yake kuliko majibu yake. Akikuuliza mgongo unauma wapi, unapita barabara gani, una uzito gani, unabeba nini na umri wako, huyo ni wako. Akianza na rangi, mshukuru na uondoke. Usimwandikie vipimo vya bingwa ulivyovikuta mahali. Mpe vyako, mwambie kweli hata ile isiyopendeza, kwamba huinami tena kama zamani. Na ukishalipa fungu la kwanza, usimsumbue kila wiki. Fremu ya namna hii huchukua miezi.