Karatasi, Ua na Sandarusi

Miongoni mwa kazi za mikono ziwezazo kufanyika katika nyumba ya Tena, mtaa wa mashariki ya Nairobi ulio jirani na Umoja na Donholm, iko moja isiyodai karakana wala tanuri, bali meza imara, dirisha lifungukalo na moyo wa stahamala. Nayo ni kutengeneza picha ya mchanganyiko juu ya turubai iliyowambwa, ambamo karatasi, maua makavu na mapambo ya rezini yaliyomiminwa katika kalibu hukutanishwa na kufunikwa kwa rezini hiyo hiyo, kimiminiko kigandacho mfano wa kioo, mpaka kila kimoja kikapata daraja ambayo peke yake kisingeipata. Mtu aionaye picha hiyo mara ya kwanza aghalabu husifu mng'ao wake. Mimi naisifu kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba mng'ao ni sehemu ya mwisho na nyepesi kuliko zote, na fahari ya kazi hii, kwa yule aliyeitia mikono yake, imo katika karatasi.

Na karatasi katika mitaa yetu ni maridhawa. Iko pakiti ya unga wa ugali, iko bahasha ya kaki iliyoleta barua ya shule, iko kalenda ya mwaka uliopita, liko gazeti la Taifa Leo la juzi, liko daftari la mtoto aliyekwisha kupanda darasa, na mwandiko wake wa penseli ungali ukisomeka. Vyote hivi huelekea jalalani bila ya mtu kuvitazama mara ya pili. Fundi wa picha ndiye huvitazama mara ya pili. Huona kwamba wekundu wa pakiti hii si wekundu wa pakiti ile, na kwamba mgongo wa karatasi aghalabu una rangi tulivu kuliko uso wake, naye huvihifadhi sandukuni kwa kufuata rangi, kama ilivyo desturi ya mchoraji kuzitunza rangi zake.

Katika nchi ya Kenya mwenye sifa kubwa katika jambo hili ni Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka 1928, akasoma sanaa Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, mwanamke wa kwanza kuhitimu katika skuli ile ya sanaa aliyoiasisi Margaret Trowell. Baada ya masomo alifanya kazi ya ualimu miaka mingi, na sanaa yake ikangoja. Alipoirudia kwa nguvu katika miaka ya 1980 rangi za dukani zilikuwa ghali kupita uwezo wake, basi akatwaa karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akazikatakata vipande vidogo vidogo, akavipanga na kuvibandika mpaka vikawa wanyama, ndege na wanawake wa shamba katika kazi zao. Alikaribishwa Paa ya Paa, nyumba ya sanaa ya Elimo Njau hapa Nairobi, akafanya kazi huko. Na mwaka 1990 picha zake zilitundikwa katika Studio Museum ya Harlem, mjini New York, naye akiwa mwanamke pekee katika maonyesho yale ya wasanii wa Afrika. Alifariki mwaka 2021. Huzitazama picha zake nikajiuliza ni kitu gani mng'ao ungaliziongezea, na jibu langu ni kwamba usingaliziongezea chochote, kwa kuwa mwanga ulikwisha kuwamo katika mpangilio wa vipande vyenyewe. Anayetaka kujifunza picha ya rezini na aanze kwa Karuga, aliyeshinda bila ya rezini.

Karatasi ina tabia zake. Nyuzi zake hulala upande mmoja tangu kiwandani: ukiichana kwa kuzifuata nyuzi huchanika moja kwa moja, na ukiichana kwa kuzikata hupinda na kuacha ukingo wa manyoya, mweupe na laini, ambao mkasi hauwezi kuuiga. Mkono wenye ujuzi huchagua: ukingo ulionyooka kwa ukuta na paa, wa manyoya kwa wingu, vumbi na moshi wa jikoni. Kadhalika karatasi ikilowa gundi hupanuka, na hupanuka zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Kwa hiyo kipande kikubwa kibandikwacho kikavu hufanya makunyanzi pindi gundi ikiingia, ilhali kile kilichorushiwa maji kidogo na kuachwa kipumue hulala kwa utii. Turubai yenyewe hupakwa kwanza ile rangi nyeupe ya msingi iitwayo geso, ikakauka, ikapigwa msasa, ikapakwa tena; ndipo tabaka za karatasi zianze kupanda, kubwa kwanza, kisha za wastani, kisha vile vipande vidogo ambavyo jicho litavikuta mwisho.

Hapa ndipo palipo na siri ya kazi yote, na kila afanyaye haraka huadhibiwa hapa. Sharti kila karatasi ipakwe gundi chini na juu, ikauke kabisa, kisha ipakwe tena juu, maana rezini ikikuta mahali pasipozibwa huzama ndani ya karatasi, na mahali hapo hufanya doa la giza, lenye kupenyesha nuru, mfano wa karatasi iliyofungiwa mandazi. Na doa hilo haliondoki abadan. Rezini haisamehe wala haifichi. Kilichokuwa kimelegea chini yake huonekana kimelegea, na kila kilichowekwa kwa uangalifu huonekana kwa uangalifu huo huo.

Maua nayo yana sheria yao. Ua bichi limejaa maji, na likizikwa ndani ya rezini pamoja na maji yake huoza ndani ya kifungo hicho, likageuka rangi ya matope na kutoa viputo. Basi hapana budi likaushwe kwanza, ama kwa kulazwa baina ya karatasi zinywazo unyevu chini ya vitabu vizito, na karatasi hizo kubadilishwa kila siku mwanzoni, ama, likiwa nene, kwa kufukiwa katika chembechembe za silika. Waridi, ambalo Naivasha hulikuza kwa ajili ya masoko ya Ulaya na ambalo wachuuzi hutuuzia barabarani, ni zuri likiwa hai, lakini jekundu likikauka huelekea weusi na jeupe huelekea rangi ya chai. Asumini, malkia wa vikuba vya Mombasa na Lamu, huacha harufu yake yote nyuma. Nami sioni vema kulikausha ua ambalo fahari yake ni usiku mmoja. Lakini bogenvilia iliyotanda juu ya kuta za nyumba zetu ni kana kwamba iliumbwa kwa kazi hii. Yale ambayo watu huyaita maua yake kwa hakika ni majani yaliyovaa rangi, yakilizunguka ua dogo jeupe. Ni mepesi, yana maji machache, na yakikauka hubaki na sehemu kubwa ya rangi yake. Baada ya upepo huokotwa bure chini ya ukuta.

Na wala mtu asidhani kwamba kukizuia kitu ndani ya utomvu mgumu ni wazo geni lililotujia juzi ndani ya chupa. Pwani yetu iliijua sandarusi, utomvu wa mti ulioganda, kabla ya hapo. Ilichimbwa ardhini huko Mrima, pwani ya bara iliyoikabili Unguja, masalio ya miti iliyokufa zamani, ikapelekwa Unguja, na baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said, mtawala wa Unguja, na Marekani, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakaichukua kwa wingi ikafanywe vanishi ya fanicha na magari ya farasi. Ndani ya baadhi ya vipande vyake alionekana mdudu, au jani, katika umbo lake kamili. Mti wenyewe, bila ya nia, ulikwisha kufanya kazi ambayo sisi twaijaribu kwa nia.

Rezini ya leo ni epoksi, zao la maabara za miaka ya 1930, na mafunzo yake ni mafupi. Ni vimiminiko viwili. Hupimwa kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa, si kwa kukisia, hukorogwa taratibu, na hujipasha joto vyenyewe vikaanza kuganda. Katika baridi ya Julai ya Nairobi huwa vizito na vigumu kukorogeka, basi chupa huwekwa kwanza katika maji ya vuguvugu. Viputo huondolewa kwa ulimi wa moto upitishwao upesi juu yake. Vumbi la Eastlands, mashariki hii ya Nairobi, ndilo adui, na boksi kubwa lililofunikwa juu ya kazi kwa siku nzima ndiyo ngao. Dirisha liwe wazi, glavu ziwe mikononi, watoto wawe chumba kingine. Kwa kuwa kitu hiki, epoksi, ni mwana wa mafuta ya petroli, kina mvuke usiofaa mapafuni, na kikishaganda hakiyeyuki tena wala hakirudishwi. Hiyo pia ni sababu ya kukitumia kwa uchache.

Mapambo madogo nayo, mabawa, funguo, fremu ndogo, majani, humiminwa katika kalibu za silikoni zinunuliwazo tayari, na picha nyingi za dunia hii hufanana kwa sababu hiyo. Walakini silikoni ya kukandwa huweza kubanwa juu ya nakshi yoyote, na aliye na kibweta cha Lamu, au fremu ya kuchongwa aliyorithi kwa bibi yake, anayo kalibu ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Waridi la nakshi likitoka humo hupakwa geso, kisha vidole vikapitishwa juu yake na nta ya rangi ya shaba, ili vilele vyake ving'ae na mabonde yake yabaki meupe. Vichache vyatosha. Picha iliyosongwa mapambo hailinyimi jicho kitu isipokuwa mahali pa kupumzika, na hapo huwa imelinyima yote. Na kwa kuwa vitu hivi vina uzito, nyuma ya turubai huwekwa ubao mwembamba kabla ya kumimina, la sivyo kitambaa hubonyea katikati na rezini hukusanyika huko mithili ya dimbwi.

Basi picha ikikamilika huanza kuzeeka, na fundi asiyelijua hilo hujipangia huzuni. Epoksi hugeuka manjano kwa jua, bogenvilia hufifia, gazeti hukolea rangi kwa ajili ya lignini, dutu ya mti iliyobaki ndani yake. Kutundika mbali na dirisha huchelewesha mambo haya, hakuyazuii. Mimi huyaingiza katika hesabu tangu siku ya kwanza: gazeti hulilaza pale ambapo nataka joto lije kuongezeka, daftari la shule pale ambapo nataka weupe udumu zaidi, na pakiti ya unga, yenye rangi za kiwandani, huiweka kiini cha picha, kisha, kabla ya kumimina, huipindua turubai nikaandika mgongoni mwake kila karatasi ilitoka wapi.